Gari likigoma kuwaka ufukweni mwa Tanganyika: Je, betri imekufa au imeishiwa chaji tu?

Asubuhi huko Gitaza, mahali ambapo barabara imebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, gari lililowalaza wasafiri usiku kucha linaweza kukataa kuwaka. Dereva anazungusha ufunguo, taa za dashibodi zinafifia, na chini ya boneti inasikika milio midogo ya haraka haraka. Kisha kimya.

Hukumu ya kwanza huwa ileile: betri imekufa, inunuliwe nyingine. Mara nyingi hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Betri iliyoishiwa chaji si sawa na betri iliyoharibika, na hizo mbili si sawa na waya uliolegea. Anayejua kutofautisha mambo hayo matatu huokoa fedha na muda, na katika barabara kama hii, pengine huokoa maisha.

Makala hii inaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kuchunguza gari lisilowaka, hasa gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na jokofu ndani yake. Kanuni zake zinawafaa pia wenye magari ya kawaida, mabasi madogo ya abiria na malori madogo.

Kwa nini ufukwe huu?

Barabara ya Taifa Namba 3, maarufu kama RN3, hutoka Bujumbura kuelekea kusini ikifuata ziwa. Hupita karibu na jiwe la Mugere lenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliofika hapo Novemba 1871, kisha Gitaza, Rumonge na Nyanza-Lac, hadi kuelekea mpaka wa Tanzania. Kipande cha Gitaza hadi Rumonge peke yake kina urefu wa kilomita 45. Wasafiri wanaotoka Kigoma kupitia Manyovu huijua njia hii, na wengine huipenda kwa sababu wanaweza kuegesha mbele ya maji na kulala humo humo garini.

Lakini mambo matatu huifanya iwe mtihani kwa betri.

La kwanza ni joto. Ziwa liko kwenye mwinuko wa takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ukanda wake ni wa joto kuliko sehemu nyingine za Burundi. Joto huharakisha kemia ndani ya betri, hukausha maji yake na kuifanya ipoteze chaji hata ikiwa haitumiki. Kasoro hujitokeza baadaye, gari linapopanda kuelekea Bururi au milima ya Mugamba, ambako miinuko hupita mita 2,000. Baridi ya alfajiri huko juu huidai betri nguvu ambazo joto la ufukweni lilikwisha kuzila.

La pili ni uhaba wa mafuta. Tangu mwaka 2021 Burundi imekabiliwa mara kwa mara na upungufu wa petroli na dizeli, unaohusishwa na ukosefu wa fedha za kigeni. Magari hukaa kwenye foleni au uani kwa siku nyingi bila injini kuwashwa. Gari lisilotembea haliichaji betri yake, lakini saa, kengele ya wizi na vifaa vingine huendelea kunyonya umeme.

La tatu ni barabara yenyewe. Machi 2015, maporomoko ya udongo katika eneo la Gitaza yaliua watu na kuikata njia. Anayeegesha chini ya mteremko wakati wa mvua anahitaji gari litakalowaka mara moja pale atakapotakiwa kuondoka. Hapo betri dhaifu ni hatari kamili.

Betri hufanyaje kazi?

Betri ya kawaida ya gari ni ya risasi na asidi, aina iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake mna vyumba sita. Kila chumba hutoa takriban volti 2.1, na kwa pamoja hufanya volti 12 na ushei. Katika kila chumba mna bamba za risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji.

Betri inapotoa umeme, bamba hizo hufunikwa taratibu na salfeti ya risasi. Inapochajiwa, salfeti huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa, salfeti hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena. Ndiyo maana betri iliyoishiwa chaji jana inaweza kuokolewa leo, lakini ile iliyoachwa tupu kwa miezi huwa imeharibika kweli.

Kazi kubwa ya betri ni kuizungusha mota ya kuwashia, ambayo mafundi huiita stata. Kwa sekunde chache stata hudai ampea mia moja au zaidi, na kwa injini kubwa za dizeli hudai mamia kadhaa. Injini ikishawaka, altaneta huchukua kazi: hulisha vifaa vyote vya gari na kurudisha chaji iliyotumika.

Gari-nyumba lina betri mbili

Hapa ndipo wengi hukosea. Gari-nyumba lililojengwa vizuri lina betri ya kuwashia injini na betri ya nyumba. Ya kwanza imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Ya pili imeundwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi, kwa ajili ya taa, pampu ya maji, jokofu na simu. Kati yake huwekwa kifaa cha kuzitenganisha, ambacho huziunganisha injini inapokuwa inafanya kazi na kuzikata inapozimwa.

Kifaa hicho kikiharibika, au ikiwa fundi aliunganisha jokofu moja kwa moja na betri ya kuwashia, hesabu ya usiku mmoja inatosha kuonyesha matokeo. Jokofu dogo la kompresa linalotumia ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda hula wastani wa ampea 2. Kwa saa 12 za usiku hiyo ni ampea-saa 24. Betri yenye uwezo wa ampea-saa 70 itakuwa imepoteza zaidi ya theluthi ya chaji yake kabla ya taa na pampu kuhesabiwa. Baada ya siku mbili za kupumzika ufukweni, injini haitazunguka.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye gari-nyumba ni hili: ni betri ipi imeisha? Ikiwa taa za ndani zinawaka vizuri lakini injini haizunguki, shaka iko kwa betri ya kuwashia. Ikiwa injini inawaka lakini jokofu limezima, ya nyumba ndiyo yenye tatizo. Zikiisha zote mbili kwa pamoja, kitenganishi chenyewe ndicho mshukiwa.

Sikiliza kabla ya kugusa

Gari lina lugha yake. Kabla ya kuchukua spana, zima redio na feni, zungusha ufunguo mara moja, na usikilize.

Kimya kabisa, na taa za dashibodi haziwaki: umeme haufiki. Tazama terminali za betri, fyuzi kuu, na swichi ya kukatia umeme ambayo magari-nyumba mengi huwa nayo na ambayo mtoto au mzigo unaweza kuwa umeigusa. Inawezekana pia betri imekauka chaji kabisa.

Milio ya haraka haraka, taa zikififia: betri ina chaji ndogo, au terminali zake ni chafu au zimelegea. Hii ndiyo hali inayosababishwa na betri mara nyingi zaidi.

Mlio mmoja mzito, taa zikibaki na mwanga wake: betri huenda ni nzima. Stata au waya wake mnene ndio wa kuchunguzwa.

Kimya, lakini taa zina mwanga mkali: kwa gari la otomatiki, hakikisha gia iko kwenye maegesho. Kwa gari la gia za mkono, baadhi ya aina hazikubali kuwaka mpaka klachi ikanyagwe. Kisha chunguza swichi ya ufunguo na rilei ya stata.

Injini inazunguka polepole, kama mtu anayeamka kwa shida: betri ni dhaifu, au waya wa hasi unaokwenda kwenye mwili wa gari na injini umeshika kutu.

Injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini haiwaki: usiilaumu betri. Tazama kipimo cha mafuta kwanza. Pale ambapo mafuta hununuliwa kwa madumu, maji yaliyochanganyika nayo ni sababu inayostahili kufikiriwa. Kuendelea kuizungusha injini hapo kutaimaliza betri iliyokuwa nzima, na tatizo moja litakuwa mawili.

Uchunguzi kwa macho na mikono

Kabla ya kuanza, egesha salama, vuta breki ya mkono, toa ufunguo, na usivute sigara. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Vua pete na saa ya chuma, kwa maana chuma kinachogusa chanya na hasi kwa wakati mmoja hugeuka chekundu kwa moto mara moja.

Shika kila terminali na ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikizunguka, imelegea. Unga mweupe au wa kijani kuzunguka terminali ni kutu inayozuia umeme kupita. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Safisha kwa maji ya uvuguvugu yenye bikaboneti ya soda, ambayo hupunguza ukali wa asidi, ukihakikisha maji hayo hayaingii ndani ya betri. Sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kausha, kisha rudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Paka grisi kidogo juu yake baada ya kukaza.

Kazi hii haizidi nusu saa na haigharimu kitu. Magari mengi yaliyohukumiwa kuwa na betri mbovu huwaka baada yake. Kwa barabara yenye mitikisiko, ni ya kurudiwa kila baada ya miezi michache.

Itazame pia betri yenyewe. Kasha lililovimba, lililopasuka au linalotoa harufu ya yai bovu ni la kuachwa. Usilichaji na usilibusti. Ikiwa betri ina vifuniko vya kufungua, angalia kama maji yamezifunika bamba. Yakipungua, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke yauzwayo kwa ajili ya betri. Usiongeze asidi, wala maji ya bomba au ya ziwa, kwa sababu chumvi zake huziharibu bamba.

Mita inasema nini?

Mita ndogo ya umeme ni chombo rahisi kuliko betri yoyote, na inafaa kuwa ndani ya kila gari-nyumba. Iweke kwenye volti za mkondo mnyoofu, gusisha waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Gari liwe limepumzika kwa saa kadhaa. Betri iliyotoka kuchajiwa hudanganya: huonyesha namba kubwa inayoshuka haraka. Kama huna muda, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zizime, subiri kidogo, kisha pima.

Kwa betri ya risasi na asidi iliyopumzika, namba husomwa hivi:

Volti 12.6 na zaidi: imejaa.
Volti 12.4: iko karibu robo tatu.
Volti 12.2: iko nusu.
Volti 12.0: imebaki kama robo.
Chini ya volti 11.8: imekwisha.

Kipimo cha pili hufanywa mtu mmoja akizungusha ufunguo na mwingine akisoma mita. Betri nzima haipaswi kushuka chini ya takriban volti 9.6 wakati stata inazunguka. Ikiwa ilionyesha 12.6 ikiwa imepumzika lakini inaporomoka hadi 7 au 8 inapotwikwa mzigo, imechoka ndani, na chaji haitaiponya.

Kipimo cha tatu hufichua waya mbovu. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha mwenzako azungushe ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani na waya huo unahitaji kusafishwa au kubadilishwa. Rudia upande wa chanya, kati ya kichwa cha betri na terminali ya stata.

Tahadhari moja kwa betri za lithiamu, ambazo siku hizi huwekwa upande wa nyumba: namba hizi hazizihusu. Betri ya lithiamu ya volti 12 ikiwa imepumzika na imejaa huonyesha zaidi ya volti 13, na volti zake hubaki karibu palepale hadi inapokaribia kuisha. Mwenye betri hiyo anahitaji kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kubusti bila kuhatarisha maisha

Ikiwa betri imeishiwa chaji na haina dalili ya uharibifu, inaweza kuazimwa nguvu kutoka gari jingine. Magari yote mawili yawe ya volti 12, injini zizimwe, na miili yake isigusane. Malori makubwa yapitayo RN3 mara nyingi hutumia volti 24, na kuyaunganisha na gari dogo huunguza kompyuta na taa zake. Uliza kwanza.

1. Funga waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyoisha.
2. Funga ncha ya pili ya waya mwekundu kwenye chanya ya betri nzima.
3. Funga waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima.
4. Funga ncha ya mwisho ya waya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililogoma, mbali na betri. Cheche hutokea mahali hapa, na ndiyo sababu haifungwi kwenye betri yenyewe.
5. Washa gari linalosaidia, liache kwa dakika tano hadi kumi, kisha jaribu gari lililogoma.
6. Likiwaka, ondoa nyaya kwa mpangilio wa kinyume: ya mwisho kufungwa iwe ya kwanza kufunguliwa.

Wenye gari-nyumba wana njia nyingine inayosahauliwa. Ikiwa betri ya nyumba ni ya risasi na bado ina chaji, msaada umo ndani ya gari lenyewe. Baadhi ya magari yana kitufe cha kuziunganisha betri mbili kwa muda. Mengine yanahitaji nyaya nene tu. Zima jokofu na taa, unganisha kwa utaratibu uleule, subiri dakika kumi, kisha washa. Kwa betri ya lithiamu usijaribu bila kusoma maelekezo ya mtengenezaji, kwa kuwa mfumo wake wa ulinzi unaweza kukata umeme ghafla.

Asidi ikimwingia mtu machoni au ikimgusa ngozi, aoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo, kisha apelekwe kituo cha afya. Maji yaandaliwe kabla ya kazi kuanza.

Vipi kuhusu kulisukuma gari?

Gari la gia za mkono linaweza kuwaka kwa kusukumwa: ufunguo ukiwa umewashwa, gia ya pili, klachi imekanyagwa, na kuachiwa ghafla gari likishika kasi. Gari la otomatiki haliwezi. Magari mapya yenye kompyuta nayo hayatawaka ikiwa betri haina hata chaji ya kuendesha pampu ya mafuta.

Katika RN3 jambo hili lifikiriwe mara mbili. Barabara ni nyembamba, kona zake hazionyeshi anayekuja, na injini ikiwa imezimwa usukani huwa mzito na breki hupoteza nguvu ya msaada. Gari-nyumba la tani tatu likianza kuteremka halizuiliki kwa mikono. Lisukumwe mahali tambarare na pa wazi tu, mchana, na mtu akiwa amesimama mbali kuwaonya madereva wengine.

Injini imewaka. Kazi imekwisha?

Bado. Pima betri injini ikiwa inanguruma. Mita ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikionyesha chini ya 13, altaneta haichaji: tazama mkanda wake kama umelegea au umekatika, kisha waya zake. Gari la namna hiyo litatembea kwa chaji iliyobaki tu, na likizimika Gitaza halitafika Rumonge. Ikionyesha zaidi ya volti 15, altaneta inaipikisha betri, na hilo nalo huiua.

Kosa la kawaida ni kuiacha injini ikinguruma nusu saa kisha kuamini kwamba betri imejaa. Betri iliyokwisha kabisa huhitaji saa nane au zaidi kujaa, kwa kuwa kadiri inavyojaa ndivyo inavyopokea polepole. Safari ya Bujumbura hadi Rumonge huirudishia sehemu tu. Na pale ambapo kila lita ya mafuta hutafutwa kwa siku kadhaa, kuchoma mafuta ili kuchaji betri gari likiwa limesimama ni hasara.

Chaja ya ukutani ni bora zaidi palipo na umeme. Na pasipokuwa na umeme, bado kuna jua.

Mwizi wa usiku na dawa ya jua

Kila gari la kisasa hunyonya umeme kidogo hata likiwa limefungwa. Kiasi cha ampea 0.05 ni cha kawaida. Kwa siku moja hiyo ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 60 itapoteza nusu ya chaji yake katika siku 25. Ukiongeza kifaa cha kufuatilia gari na redio iliyounganishwa vibaya, mnyonyo ukafika ampea 0.1, siku hizo hupungua hadi 12 au 13. Hivyo gari lililokaa wiki mbili likisubiri mafuta likigoma kuwaka, si lazima betri iwe mbovu.

Kumtafuta mwizi huyo, pima mkondo kwa kuiweka mita katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, gari likiwa limezimwa na milango imefungwa. Tumia tundu la mita la ampea 10, na usiwashe gari mita ikiwa hapo. Subiri robo saa vifaa vilale, kisha toa fyuzi moja moja. Ile ambayo ikitolewa namba inashuka ghafla ndiyo inayolisha kifaa chenye hatia.

Gari litakaloegeshwa zaidi ya wiki mbili lifunguliwe waya wa hasi, au liunganishwe na paneli ndogo ya jua. Paneli ya wati 10 hutoa takriban ampea 0.5 jua likiwa kali. Kwa saa tano za jua zuri ni ampea-saa 2.5, mara mbili ya mnyonyo wa kawaida. Paneli ya wati 100 juu ya paa la gari-nyumba inaweza kurudisha ampea-saa 20 hadi 25 kwa siku, kiasi cha kulitosha jokofu kwa usiku mmoja. Kati ya paneli na betri pawe na kidhibiti chaji, la sivyo jua lenyewe litaikausha betri.

Wakazi wa ufukweni hawahitaji kufundishwa haya upya. Wavuvi wa ndagala huwavutia samaki kwa taa usiku, na taa zinazotumia betri zimekuwa sehemu ya kazi yao. Msafiri aliyekwama bila chaja atafanya vyema kuuliza kwenye mialo ya wavuvi kabla ya kutafuta lori la kumvuta.

Betri ikifa kweli

Betri ya risasi kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, na kwenye joto hupungua. Ikishindwa kipimo cha mzigo hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, wakati wake umekwisha. Unaponunua mpya, soma tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa imeanza kuzeeka kabla ya kuuzwa. Ipime papo hapo, na ikionyesha chini ya volti 12.4, omba nyingine. Linganisha pia ukubwa wa kasha, upande wa chanya, na ampea za kuwashia zilizoandikwa juu yake.

Iliyokufa nayo isitupwe. Ndani yake mna kilo kadhaa za risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Afrika Mashariki ina somo chungu kuhusu jambo hili. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia sumu ya risasi wakazi wa jirani. Phyllis Omido aliongoza mapambano ya wakazi hao na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo baada ya kutenguliwa katika rufaa.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga. Kinachoingia humo hukaa muda mrefu sana. Asidi inayomwagwa ufukweni ili kupunguza uzito wa betri chakavu huishia katika maji yanayonywewa na watu na kulea ndagala. Mrudishie muuzaji betri ikiwa nzima, imesimama wima, na asidi yake ndani.

Kwa ufupi

Sikiliza, safisha, pima, kisha amua. Mlio hutaja mshukiwa, brashi ya waya humaliza kesi nyingi, na mita hutoa ushahidi kwa zilizobaki. Kabla ya kulala mbele ya ziwa, geuza gari lielekee barabarani, hakikisha jokofu linakula kutoka betri ya nyumba, na soma volti za betri ya kuwashia. Zikiwa 12.5 au zaidi, lala salama. Zikiwa 12.1, tafuta chaji jioni hiyo hiyo, kabla mvua haijaanza mlimani.